Mashine Aliyoiazima Baba Yako Mkubwa

Mwanangu Salama,

Nguo zako nimezikunja, sanduku limefungwa, na habari za kuvaa sweta botini na kuchemsha maji ya kunywa umezisikia mpaka umeziba masikio. Sizirudii hapa. Kesho asubuhi unapanda boti la Bukavu, na miaka yako yote ya chuo utakaa kwa Baba Mkubwa Idi. Juzi uliniuliza mbele ya baba yako, huku unacheka, "Mama, kwa nini wewe na Baba Mukubwa hamusemezanaka?" Nikasema ngoja, sufuria inaungua. Haikuwa inaungua. Hakukuwa na kitu chochote motoni.

Nimeamua kuandika kwa sababu nikiyasema kwa mdomo nitalia, na nikilia utanibembeleza, na ukinibembeleza sitafika mwisho. Sikuandikii ili umchukie yule mzee. Utakula chakula chake, utalala chini ya paa lake. Lakini unaingia katika nyumba ya watu bila kujua kilichopita kati ya nyumba ile na hii yetu, na sitaki utembee mule kama mtu anayetembea gizani kwenye mawe.

Una kaka. Picha yake iko ukutani, unajua anaitwa Shabani, na unajua alipotea wakati wa vita. Hivyo ndivyo tulivyokuambia tangu ukiwa mdogo. "Kupotea" ni neno alilolichagua baba yako. Mimi sikulipenda hata siku moja, ila nililiacha lipite, kama nilivyoacha mengi yapite katika nyumba hii.

Nianze na mlima wa moto, maana kabla haujalipuka tulikuwa watu wengine.

Tulikuwa na nyumba ya matofali katikati ya mji. Baba yako alikuwa dereva wa lori kama unavyomjua, ila lori lilikuwa jipya na mgongo wake ulikuwa mzima. Tulikuwa na radio ya kaseti, na kanda za kasida alizokuja nazo marehemu babu yako kutoka Kasongo alipoleta biashara zake huku. Jioni naziweka, Shabani anakaa chini na sikio kwenye spika. Moto ulipoteremka tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na watu wote, mimi na Shabani na mtungi wa maji. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Tuliporudi, nyumba ilikuwa chini ya jiwe jeusi ambalo bado lilikuwa linatoa moshi, na watu walikuwa wanatembea juu yake na viatu vinayeyuka wakitafuta ni wapi walikuwa wanalala. Baba yako akajenga hii ya mbao juu ya jiwe hilo hilo. Alipofunga bati la mwisho nilimwambia asante. Lakini humu ndani palikuwa kimya, Salama. Hujui ukimya wa nyumba ambayo zamani ilikuwa na sauti.

Ukazaliwa, ukaleta kelele zako, na mimi nikarudi soko la Kituku kuuza sambaza, dagaa wa ziwani. Baba yako alikuwa safarini wakati wote. Shabani akarefuka, sauti ikaanza kuvunjika, na akaanza kwenda kwenye salle ya filme, ukumbi wa sinema, upande wa barabara ya Rutshuru. Ilikuwa nyumba ya mabati, mabenchi ya mbao, televizyo moja mbele na jenereta nje. Filamu zilikuwa za vita tu. Mimi niliingia mara moja kumtafuta. Nyuma kabisa walikuwa wamekaa wanaume na bunduki kati ya magoti, hawatazami filamu, wanatazama watoto.

Sikujua walikuwa wa upande gani. Miaka ile mtu hakuwa anauliza. Mwenzangu wa samaki, mama mmoja mwenye watoto wanaume watano, ndiye aliyeniambia wazi.

"Mama Shabani, pale banachukuaka batoto. Wangu niliwaambia, mwenye ataenda nitamuvunja muguu mwenyewe. Afazali akae kilema kwangu."

Nilifanya yale ambayo mama hufanya akiishiwa akili. Nilimpiga. Nilifunga mlango, akatoka dirishani. Nilimnyima chakula, akarudi ameshiba mandazi ya watu nisiowajua, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi. Siku moja nilimkuta nje anamfundisha mtoto wa jirani, Bahati, namna ya kulala chini risasi zikipita. Walikuwa wanacheka. Wewe ulikuwa unawaiga, umelala kifudifudi kwenye vumbi jeusi na kidole mdomoni.

Ndipo nikafikiri hivi: kama anachotafuta ni picha, picha zije nyumbani.

Nilimwambia baba yako nataka kununua lecteur, mashine ya kuchezea diski. Akafurahi mno. Tatizo ni kwamba yeye alitaka ya jina. Alikuwa ameiona moja ya Kijapani katika duka lenye mlango wa kioo, ya rangi ya fedha, nzito, na mwandiko wa buluu unaowaka mbele. "Kama ni kununua, tununue kitu," akasema. "Mutu akiingia aone."

Nikamjibu, "Sinunui kwa ajili ya anayeingia. Nanunua kwa ajili ya anayetoka."

Akanyamaza. Baba yako si mtu mbaya, Salama. Ni mtu anayenyamaza.

Nilikwenda mwenyewe, na Shabani akibeba mfuko. Ndani ya mfuko niliweka diski zote tulizokuwa nazo, maana tulikuwa tumeshaokota kadhaa huku na huku, za kila namna. Kulikuwa na ya harusi ya shangazi yako, ile ya video ya zamani ambayo ukoo mzima uligawiwa nakala. Kulikuwa na ya kasida, ambayo binamu yangu alinichomea Kampala, nyimbo nyingi kupita kiasi zimebanwa katika diski moja. Kulikuwa na filamu ya Wanigeria niliyopewa na jirani. Na kulikuwa na moja ya Shabani mwenyewe, imekwaruzwa kama mgongo wa punda, hakutaka kuniambia ina nini ndani.

Tukaanza na duka la mlango wa kioo, ili nisije nikaambiwa sikujaribu. Muuzaji alivaa tai. Nikamwomba aweke ya kasida. Ile mashine ya fedha ikaimeza diski taratibu, ikafikiri, ikaitema. Akaweka filamu. Ikaandika kwamba filamu hiyo ni ya bara lingine, haiwezi.

"Mama," akasema yule bwana, "hizi diski zako ni za pirate."

"Na za kwako za nyumbani, haziko za pirate?"

Shabani akacheka mpaka akainama. Nakumbuka kicheko kile kuliko maneno mengi ya maana niliyoambiwa maishani.

Tukaenda Birere, kwenye maduka membamba yale karibu na mpaka, ambako maboksi yamepangwa hadi darini na mwenye duka anakaa mlangoni kwa kukosa nafasi ndani. Huyu alikuwa Mnande wa Butembo, mtu mzima, Papa Kasereka. Alipoona mfuko wangu hakukasirika. Akafuta meza.

"Weka zote, Mama. Lecteur iko sawa na mugeni. Ujue kwanza anakulaka nini, mbele ya kumuingiza mu nyumba."

Ya kwanza aliyotoa ilisoma kila kitu, lakini ilikuwa inasaga kama kinu, na kasida haiwezi kusikilizwa ndani ya kinu. Ya pili ilikuwa nzuri mpaka ilipofika kwenye diski ya Shabani. Picha ikaganda, na hata mlango wake ukakataa kufunguka, Papa Kasereka akautoa kwa bisibisi. Ya tatu ilikuwa nyeusi, nyembamba, nyepesi hata nikaona aibu kuishika, na jina lililoandikwa mbele hakuna aliyewahi kulisikia wala aliyelisikia tena. Harusi ikasoma. Kasida ikasoma, na majina ya nyimbo yakajipanga kwenye kioo. Wanigeria wakaanza kugombana hapo hapo. Diski ya Shabani ikaifanya ikohoe kidogo, ikaruka, ikaendelea.

Sikuridhika. Nikamwambia Papa Kasereka azime umeme ghafla huku diski inazunguka, kama courant yetu inavyofanya, kisha auwashe. Akafanya. Mashine ikaamka na kuanza upya. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikaigeuza mashine nikasoma mgongoni kama inavumilia umeme mdogo na mkubwa. Nikaangalia matundu ya waya, jekundu, jeupe na la njano, maana televizyo yetu ilikuwa na mawili tu, na akanionyesha kwamba sauti ya tundu moja inatosha nyumba ya mbao. Nikabonyeza télécommande, rimoti yake, kitufe kimoja kimoja. Kimoja kilikuwa kimekufa. Akanibadilishia.

"Mama, bateja wote wakikuwa kama wewe, nitafunga duka," akasema. Kisha akamgeukia Shabani. "Mama yako anajua kuchagula. Ukitaka kuoa, umutume yeye."

Nakuandikia haya yote kwa urefu kwa sababu hii ndiyo siku ambayo sijutii hata kidogo. Nilichagua vizuri. Katika maisha yangu nimechagua vibaya mara nyingi, lakini mashine ile niliichagua vizuri.

Na ilifanya kazi niliyoinunulia. Shabani aliifunga mwenyewe, akaokota spika za gari bovu akaziunganisha, na nyumba ikarudi kuwa na sauti. Télécommande nilikuwa naifunga kwenye pindo la kitenge. Bila daftari za shule kuonekana, haitoki. Jioni akina mama wa jirani wanajaa, na kwa kuwa filamu nyingi zilikuwa za Kifaransa au Kiingereza ambacho hakuna aliyekielewa, Shabani anasimama pembeni ya televizyo anawafasiria. Kumbe na yeye alikuwa haelewi nusu yake. Alikuwa anatunga. Anafanya sauti ya bosi, sauti ya mke wa bosi, sauti ya mlevi, na mlevi wake kila mara alizungumza kama mjomba wangu mmoja unayemjua. Wewe ulikuwa unalala juu ya tumbo lake. Hakuenda tena salle. Bahati alikuja kwetu badala ya kule. Mwenzangu wa samaki akaniuliza nimempa mtoto dawa gani.

Sasa sikiliza.

Baba Mkubwa Idi wakati ule alikuwa bado hapa Goma. Ndiye aliyemlea baba yako baba yao alipofariki, akamlipia leseni ya udereva, akampeleka kuposa kwetu. Hayo ni kweli na hakuna anayeyapunguza. Binti yake alikuwa anaposwa, wageni wanatoka Bukavu. Akaja hapa jioni, akakaa, akanywa chai.

"Shemeji, naomba ile lecteur yenu. Siku ya wageni tu. Lundi nairudisha."

Nilifungua mdomo nimjibu. Sijui hata ningesema nini. Labda ningekubali, labda ningesema njooni nyote muangalie huku. Baba yako alikuwa ameshainuka na kuanza kuchomoa waya. Shabani alikuwa ameshika upande wa pili wa waya, ananitazama.

"Ni kaka yangu," baba yako akasema, bila kuniangalia.

Shabani akaachia.

Lundi, Jumatatu aliyoitaja, ikapita. Nikamtuma baba yako, akarudi akasema wageni bado wapo. Nikangoja. Nikaenda mwenyewe na sahani ya samaki, nikamsalimia mkewe, nikauliza kwa upole. Baba Mkubwa akasema, "Shemeji, batoto wamezoea. Ngoja wamalize likizo." Niliwaona watoto wake wamekaa mbele ya mashine yangu. Nikasema hakuna shida. Salama, nilisema hakuna shida! Nikarudi nyumbani na sahani tupu, nikamkuta kaka yako anafuta vumbi mahali ilipokuwa.

Likizo ikaisha. Nikapeleka shauri kwa wazee wa ukoo, siku ya Ijumaa baada ya swala. Mzee mmoja, nakumbuka alikuwa anachokonoa meno, akanijibu kwa niaba ya wote: "Mama, ni mashine tu. Undugu haununuliwi Birere." Wakacheka kidogo, kicheko cha adabu. Baba yako akatazama chini. Ningeweza kusema kwamba sikudai mashine, nilimdai mwanangu. Sikusema. Wote walikuwa wananisifu kwa heshima yangu, na mimi nilikuwa naipenda sifa hiyo. Hilo ni kosa langu na ninalibeba mwenyewe. Wengine wabebe yao.

Shabani alinifuata jikoni siku ile.

"Mama, niende nikaichukue? Nitasema tu, Baba Mukubwa, Mama anaitaka."

"Mutoto haendi kudai kwa wakubwa."

"Basi nani ataenda?"

Nikageukia moto, nikaupuliza. Akatoka nje. Kuanzia jioni ile akarudi salle, na mimi sikufunga mlango. Ningemfungia ndani kwa kitu gani? Nilikuwa naona aibu mbele ya mtoto wangu mwenyewe.

Vita vikarudi karibu. Mabomu yalikuwa yanasikika upande wa Kibumba, kama mtu anayehamisha makabati chumba cha juu. Watu wa huko waliteremka na magodoro na mbuzi. Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua kali, mimi niko Kituku na mabeseni yangu. Mwenzangu yule akaja mbio, kitenge kimemfunguka.

"Mama Shabani, bamezunguka salle!"

Niliacha samaki pale pale. Nilikimbia mpaka nikatapika njiani. Nilipofika, barabara ilikuwa tupu. Mabenchi yamepinduka. Jenereta bado inanguruma nje, na ndani filamu ilikuwa inaendelea, watu wanapigana risasi kwenye kioo na hakuna hata mtu mmoja wa kuwatazama. Majirani walikuwa wamesimama mbali, hakuna aliyethubutu kuingia. Mimi ndiye niliyeizima.

Nilikwenda kwenye geti la kambi ya jeshi ya Katindo. Askari kijana akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hapo hakuna watoto, niulize kwingine. Kwingine wakasema niulize kambini. Kila asubuhi nilikuwa nasimama pale ambapo wanawake wa Kibumba hushusha kabichi na viazi, namwonyesha kila mmoja picha ile iliyoko ukutani. Wengi walitikisa kichwa kabla hata ya kuangalia. Mmoja aliishika kwa muda mrefu. Akasema aliona mstari wa vijana wamebeba masanduku kichwani wanapita kwenye shamba lake, wanakanyaga maharage, na mmoja alikuwa anaongea peke yake kwa sauti nyingi nyingi na wenzake wanacheka. Nikajua.

Bahati, aliyechukuliwa pamoja naye siku ile, alirudi msimu mwingine wa mvua, alitoroka. Mama yake alimleta kwangu akiwa amekonda, masikio tu. Baba yako alikuwa safarini. Tulikaa jikoni, na nilimwacha ale kwanza.

"Alikuwa anatuambiaka filme, Mama," akasema. "Tukichoka kubeba, anaanza. Halafu anakata katikati. Anasema, mukifika pale juu nitawaambia mwisho. Ndiyo vile tunapanda."

"Na yeye?"

"Kuna mulima moja hakutuambia mwisho."

Nikamuuliza kama alipigwa risasi. Nilitaka iwe risasi. Akasema hapana, ilikuwa tumbo. Walikunywa maji ya kidimbwi, wengi waliharisha, Shabani hakuinuka. Wenzake walimzika chini ya mikaratusi, kwa mikono na sahani za bati, kisha wakaambiwa wabebe mizigo. Sasa unajua kwa nini nakuchosha na maji ya kuchemsha.

Tukaweka matanga bila maiti. Watu walijaa mpaka barabarani. Siku ya pili Baba Mkubwa Idi aliingia, amebeba kitu kimefungwa kwenye kitenge cha mkewe. Akakiweka mbele yangu.

"Shemeji, nimeleta ile kitu."

Akina mama wote waliokuwa wamekaa kwenye mkeka wakanigeukia mimi. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, nayajua mpaka leo, neno kwa neno. Nikasema, "Weka pale." Alilia, nisiwe mwongo. Alilia kwa kweli, mtu mzima, mabega yanatikisika, na watu wakamhurumia, wakamletea kiti. Baada ya mwaka alihamia Bukavu.

Mashine ile unaijua. Ndiyo hiyo nyeusi uliyokulia mbele yake, uliyoangalizia katuni zako, uliyojifunzia nyimbo za Kifaransa za shule. Kila mara unapowaambia rafiki zako kwamba utoto wako ulikuwa mzuri kwa sababu ya ile DVD ya kwetu, mimi hutoka nje. Sikukunyima, maana wewe hukuwa na kosa, na ilikuwa inasoma kila kitu.

Mlima ulipolipuka tena wewe ulikuwa mkubwa tayari, unakumbuka mwenyewe: ardhi inatikisika, tangazo la kuhama, barabara ya Sake imejaa watu kama siafu. Unakumbuka ulimkasirikia baba yako kwa sababu alisahau begi la nguo zako. Hakulisahau. Aliacha begi ili abebe mfuko mwingine. Tulipofika Sake tukakaa nje ya kanisa moja, wewe umelala kwenye paja langu, nikamwona ameuweka ule mfuko juu ya magoti. Nikauliza ana nini humo. Akafungua kidogo. Ilikuwa mashine, ambayo hata mwizi hakuitaka tena. Kisha akasema, "Mama Shabani, siku ile ningengoja ujibu."

Miaka yote hiyo, na ndiyo mara ya kwanza aliyogusa jambo hilo. Sikumwambia yamepita. Hayajapita. Nilimpa maji anywe.

Sasa na wewe unaondoka. Barabara ya Rutshuru imefungwa, ya Sake imefungwa, waasi wamekaa kwenye vilima na sisi tumebaki na ziwa tu. Utakutana na watu wengi wa namna ya Baba Mkubwa. Si wabaya. Wanakuja na chai na maneno mazuri, wanaomba kitu kwa muda kidogo, na wana hakika hakuna atakayewaambia hapana. Sina mahubiri. Nimejua jambo moja tu: hapana ina nguvu kitu kikiwa bado mkononi mwako. Kikishatoka, unabaki kuwa mtu wa kuomba, hata kama ni chako. Na wakikusifu kwa upole wako, jiulize ni nani anayefaidika na upole huo.

Leo alasiri ulipokwenda kuaga rafiki zako nilichukua simu ya baba yako nikampigia. Ni mimi, baada ya miaka hii yote.

"Shemeji?" akasema. Sauti yake imezeeka.

"Mutoto anakuja kesho."

"Najua. Chumba kiko tayari, tumetia na neti mupya." Kisha akauliza, "Shemeji, akiniuliza juu ya kaka yake, nimuambie nini?"

"Umuambie kweli. Mimi nimekwisha kumuandikia yote."

"Yote?"

"Yote."

Halafu akasema, "Na bado unanipatia mutoto?"

Nikamwambia, "Idi, sina pengine pa kumupeleka."

Sikuwahi kumwita hivyo kwa jina tupu. Hakukasirika. Akasema, "Nitamupokea mimi mwenyewe kwenye port," na simu ikakatika, sijui ni yeye aliyeikata au ni réseau iliyopotea.

Mwamkie vizuri ukishuka. Mshike mkono, mwite Baba Mkubwa, mpe salamu za baba yako. Msaidie mkewe jikoni, miguu inamuuma. Lakini siku atakayokaa mbele yako na kikombe chake na kusema naomba, Salama, usikimbilie kumjibu. Nyamaza kwanza. Mwache angoje.

Mama yenu